Damu Inasema Nini Kabla ya Dawa: Viashiria vya Damu katika Tiba ya Saratani

(Maandishi ya mhadhara uliotolewa mjini Kigoma mbele ya waumini wa hekalu na majirani, katika jioni za maadhimisho)



Kamati iliponialika iliniachia hiari ya kuchagua mada yoyote ya afya, ikaongeza kwa upole kwamba jambo la kupendeza lingefaa zaidi kwa siku za sherehe. Mimi nimechagua saratani. Waliotarajia mhadhara juu ya faida za manjano na tangawizi wanisamehe; mada hiyo ina wasemaji wengi kunizidi. Sababu yangu ni kwamba, katika miaka yote niliyofanya kazi ya maabara, sijaona karatasi inayosafiri mbali na kueleweka kidogo kama karatasi ya majibu ya damu ya mgonjwa wa saratani. Huondoka Kigoma mfukoni mwa mgonjwa, hupanda basi hadi Bugando, Mwanza, au treni ya reli ya kati hadi Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Kisha hurudi nyumbani imekunjwa mara nne, na katika nyumba nzima hakuna anayejua namba zile zilisema nini. Nazo zilisema mengi. Baadhi ziliamua kama dawa itolewe siku ile au isitolewe. Nyingine zilitabiri kitakachompata mgonjwa wiki mbili baadaye, akiwa mbali na daktari wake.

Namba hizo tunaziita viashiria vya damu. Kiashiria ni kitu kinachopimika, kama vile chembe, protini, kimeng'enya au kipande cha jeni, ambacho kiwango chake kinatuambia jambo lisiloonekana kwa macho. Katika saratani tunakiuliza maswali mawili. La kwanza: ugonjwa huu unaelekea wapi, na dawa inauweza? La pili: dawa hii itamdhuru mtu huyu kwa kiasi gani? Wengi wenu mmekwisha kulizoea wazo hili bila kulipa jina. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huulizwa kliniki "wingi wa virusi" wake, na kwa namba hiyo daktari hujua kama dawa zinafanya kazi, hata kama mgonjwa mwenyewe hajisikii tofauti yoyote.

Mvuvi wa Kibirizi au wa Katonga anaielewa kazi hii kuliko wengi wetu. Dalili ya mvua ni mawingu, nasi sote tunaujua msemo huo. Lakini mchukueni mvuvi huyo mumpeleke Bagamoyo. Kwa wiki kadhaa atakaa ufukweni akijifunza upya, kwa kuwa wingu la kule halitoi habari ile ile ya wingu la ziwani. Ndivyo ilivyo kwa damu. Kiashiria kilichosomwa kwanza katika damu ya watu wa nchi nyingine hakina budi kusomwa upya katika damu ya huku, na hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini usiku huu.

Historia ya elimu hii ina mizizi yake hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alichapisha maelezo ya uvimbe uliokuwa ukitokea katika mataya ya watoto na kukua kwa kasi ya kutisha. Mwishoni mwa mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliendesha gari kuukuu zaidi ya kilomita 16,000 wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza: watoto wa aina hii mnawaona? Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa huo hupenda nchi za chini zenye joto na mvua, na huadimika kwenye miinuko yenye baridi. Ilifanana mno na ramani ya malaria. Mwambao wetu, ulio mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, wenye joto, mvua na mbu, ni mazingira ya namna hiyo hiyo.

Vinyama vya uvimbe ule vilitumwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kisichojulikana hapo awali. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr. Sisi karibu sote tunacho mwilini tangu utotoni na hakitusumbui. Kwa watoto wachache, hasa pale malaria inapowashambulia mara kwa mara, huwa mmoja wa wachocheaji wa saratani hii ya mitoki.

Sasa tazameni jinsi damu inavyoweza kusema juu ya mtoto wa namna hiyo. Chembe za uvimbe wa Burkitt huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Zinapozaliwa na kufa kwa wingi hivyo, humwaga katika damu kimeng'enya ambacho maabara hukiandika kwa herufi LDH. Kipimo chake si cha gharama kubwa. Kikiwa juu sana, daktari anajua kwamba uvimbe ulioko ndani ni mkubwa kuliko ule unaoonekana tayani, na kwamba safari ya tiba itakuwa ngumu zaidi. Anajua pia jambo la pili, la hatari: siku dawa itakapoanza kuua chembe hizo zote kwa pamoja, takataka zake, zikiwemo asidi ya yuriki na potasiamu, zinaweza kuziba figo na kuusimamisha moyo. Kwa hiyo kabla ya dozi ya kwanza mtoto huongezewa maji mengi, hupewa dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, na damu yake hupimwa tena na tena kwa siku chache za mwanzo. Mzazi anayelalamika kwamba mtoto wake "anatolewa damu kila saa" ana haki ya kuelezwa hivyo. Mara nyingi haelezwi.

Kuna hatua mpya zaidi. Kwa kawaida, ili saratani ithibitishwe, hukatwa kinyama, na kinyama hicho husomwa na mtaalamu wa patholojia. Wataalamu hao ni wachache, nao wako mbali na hapa. Majibu yanaweza kuchukua majuma kadhaa, na uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku mbili hausubiri majuma. Miaka ya karibuni watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzao wa Uganda na wa Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakichunguza kama damu ya mkononi tu inaweza kutosha: wanatafuta ndani yake vipande vya jeni vilivyodondoka kutoka kwenye uvimbe, pamoja na jeni za kirusi cha Epstein-Barr. Kule Hong Kong njia inayofanana na hiyo imetumika kwa miaka mingi kufuatilia saratani ya nyuma ya pua. Lakini mwaonaje, mtoto wa Hong Kong na mtoto wa Ilagala ni sawa? Wa Ilagala amepata malaria mara ngapi? Malaria yenyewe huamsha kirusi hicho na kukiongeza katika damu ya mtoto asiye na saratani. Kiwango ambacho kule kingekuwa kengele, huku chaweza kuwa cha kawaida. Ndiyo maana utafiti huu hauna budi kufanywa katika ardhi yetu, kwa watoto wetu.

Nitawasimulia kisa kimoja cha mbali, kwa sababu kinaonyesha thamani ya kuamini kiashiria. Mwaka 1956 huko Marekani daktari mzaliwa wa China, Min Chiu Li, alikuwa akiwatibu wanawake wenye saratani itokanayo na kondo la nyuma, ambayo mara nyingine hufuata ile tunayoiita mimba zabibu. Saratani hiyo hutoa homoni ile ile inayotafutwa na kipimo cha ujauzito kinachouzwa katika duka la dawa. Uvimbe wa wagonjwa wake ulitoweka katika picha, nao wakajisikia wamepona, lakini homoni ilikuwa bado ipo kidogo. Li akaendelea kuwapa dawa hadi homoni ikaisha kabisa. Wakubwa wake waliona anawatesa watu waliopona, akapoteza kazi. Baadaye ikadhihirika kwamba waliotibiwa kwa njia yake hawakurudiwa na ugonjwa, ilhali waliosimamishiwa dawa mapema wengi wao walirudiwa. Mama aliyesafishwa mimba zabibu hapa Kigoma na kuambiwa arudi kupimwa mara kwa mara, naye akaona anasumbuliwa bure kwa kuwa hana maumivu, anaitwa kwa sababu hiyo. Naomba akina mama mnaonisikiliza mlifikishe hili kwa mabinti na wakwe zenu.

Nirudi kwenye vipimo vya kila siku, kwani huko ndiko maisha mengi yanakookolewa au kupotea. Kiashiria kimoja cha zamani ni himoglobini. Huku tunasema "damu yake ni saba" au "damu yake ni kumi", tukimaanisha gramu za himoglobini katika kila desilita ya damu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi wao hufika hospitali ikiwa imekwisha kuenea, hivyo hutibiwa kwa mionzi. Mionzi hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye oksijeni. Uvimbe unaopata damu nyepesi hukosa oksijeni, na chembe zake huistahimili mionzi. Imeonekana tangu zamani kwamba wagonjwa wanaoanza mionzi wakiwa na damu pungufu hawafanyi vizuri kama wenzao. Haijathibitika kwamba kuongezewa damu hufuta tofauti hiyo yote, lakini madaktari wengi hawapendi kuanza kabla damu haijafika kumi hivi.

Sasa mfikirieni mama wa mwambao huu. Ametokwa na damu kwa miezi. Ana historia ya malaria. Pengine ana kichocho, kwa kuwa maisha yake yote amechota maji na kufua ziwani. Pengine ana minyoo. Anafika Dar es Salaam damu ikiwa saba. Foleni ya mionzi aliyoisubiri inampita, anaambiwa atafute damu kwanza. Wa kumchangia ni nani, naye ndugu zake wote wako Kigoma? Laiti damu hiyo ingepimwa na kurekebishwa hapa Maweni kabla ya safari.

Hapa nawasemesha viongozi wa hekalu moja kwa moja, kwa kuwa najua mmekuwa mkifikiria kufanya siku ya kuchangia damu. Fanyeni. Ila mkumbuke kwamba damu iliyohifadhiwa kwenye friji hudumu siku zipatazo 35, kisha hutupwa. Siku moja ya shangwe kwa mwaka inapendeza kwa picha, lakini mwezi wa tatu baada yake hakuna chupa iliyobaki. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Hekalu, msikiti na makanisa ya mji huu wakigawana miezi ya mwaka, friji haitakauka.

Nafika sasa kwenye namba ambayo, kwa maoni yangu, huwagharimu wagonjwa wetu kuliko zote. Ni neutrofili, askari wa mstari wa mbele miongoni mwa chembe nyeupe za damu. Dawa za tibakemikali huua chembe zinazozaliana haraka, nzuri na mbaya, na uboho unaotengeneza neutrofili huumia. Hesabu ya askari hawa hushuka na kufika chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kisha hupanda tena. Ndiyo maana dawa nyingi hutolewa kila baada ya wiki tatu. Kabla ya kila mzunguko damu hupimwa, na ikiwa neutrofili ziko chini ya 1.5, yaani 1,500 katika kila mikrolita, sehemu nyingi dawa huahirishwa au hupunguzwa.

Nichukue mfano wa mama wa Ujiji mwenye saratani ya titi. Amefika siku yake, hana homa, anakula, ana nguvu. Neutrofili zake ni 1.3. Anaambiwa arudi wiki ijayo. Analala kwenye mkeka kwa mtoto wa shangazi yake, anakula chakula cha watu. Wiki ijayo ni 1.4. Anaambiwa tena. Nauli ya kurudia inaliwa. Na saratani, ambayo ilipaswa kupigwa kwa vipindi vilivyopangwa, imepewa nafasi ya kuvuta pumzi.

Swali ambalo mara chache huulizwa ni hili: neutrofili zake zilikuwa ngapi kabla hajaonja dawa yoyote? Yawezekana zilikuwa 1.6 tangu ujana wake, naye hakuwahi kuugua kwa sababu hiyo.

Maelezo yake yamo katika kundi la damu liitwalo Duffy, lililogunduliwa Uingereza mwaka 1950. Waafrika walio wengi sana wa kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy juu ya chembe zao nyekundu. Katika miaka ya 1970 Louis Miller na wenzake walionyesha faida yake: vimelea vya malaria aina ya vivax hutumia alama hiyo kama mlango wa kuingilia, na asiye nayo, kwa sehemu kubwa, hawampati. Ni kinga tuliyorithi kutoka kwa mababu. Mwaka 2008 ikabainika kwamba badiliko hilo hilo la jeni ndilo linalofanya hesabu ya neutrofili katika damu yetu iwe ndogo kuliko ya Wazungu. Uboho hutengeneza askari kama kawaida. Ila wachache zaidi wanazunguka barabarani kwenye damu. Hata ndugu zetu wenye asili ya Oman na Yemen, wako miongoni mwao wenye hali hiyo.

Mwaka huo huo, 2008, ulichapishwa utafiti wa viwango vya damu vya watu wazima wenye afya kutoka kusini mwa Tanzania. Mwaka uliofuata ukafuata mwingine uliopima watu zaidi ya 2,000 wenye afya katika Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Ujumbe ulikuwa mmoja: ukimpima mtu mzima wa huku kwa rula ya Marekani, utamwita mgonjwa ilhali ni mzima. Pamoja na hayo, viwango vya kawaida vinavyochapwa pembezoni mwa karatasi mara nyingi ni vile vilivyokuja na mashine.

Na tazameni ajabu ya ukumbi huu. Jirani yake mama huyo, aliyeketi hapo mbele, ambaye babu yake alitoka Gujarat, yaelekea ana alama ya Duffy, kama walivyo Wahindi wengi. Kwake yeye 1.3 ni habari nyingine kabisa. Wamekunywa maji ya ziwa moja, wamenunua migebuka kwa mchuuzi mmoja, lakini namba ile ile haina maana ile ile kwao.

Simwambii mgonjwa yeyote abishane na daktari wake. Nasema apime picha kamili ya damu kabla ya dozi ya kwanza kabisa, aitunze karatasi ile kama anavyotunza hati ya kiwanja, na aionyeshe kila anapoahirishwa. Daktari makini akiiona, anayo sababu ya kufikiri mara ya pili.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa kuogopwa, na hapa naomba hata watoto wanyamaze kidogo. Mgonjwa aliyepata tibakemikali akirudi Kigoma, siku zake za hatari huzipitia nyumbani kwake. Siku ya kumi anapata homa. Sisi watu wa mwambao tukiona homa tunasema nini? Malaria. Ananunuliwa dawa ya mseto, anafunikwa shuka, tunasubiri hadi asubuhi. Kwa mtu ambaye neutrofili zake zimeisha, bakteria wanaweza kumaliza kazi kabla ya adhana ya alfajiri. Joto likifika nyuzi 38, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, na neno la kwanza kwa muuguzi wa zamu liwe: "Huyu yuko kwenye dawa za saratani." Inatakiwa apate antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Malaria ipimwe pia, bila shaka. Lakini kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, hilo halimwondolei hatari, kwa kuwa katika mkoa huu mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo. Nyumba yenye mgonjwa wa saratani iwe nacho.

Nimezungumzia damu inayopimwa baada ya dawa kuanza. Kuna viashiria vingine, vya kurithi, vinavyoweza kutuonya kabla. Dawa ya fluorourasili, iliyotengenezwa mwaka 1957, na ndugu yake ya vidonge, kapesitabini, hutumika kwa saratani za utumbo, tumbo na titi. Mwilini huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini. Wachache wamezaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu, na kwao dozi ya kawaida ni sumu: midomo inachubuka, kuhara hakukomi, damu inaisha. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza watu wapimwe kwanza. Ni jambo jema, lakini kipimo cha jeni kinachotumika sana kule hutafuta mabadiliko manne yaliyogunduliwa hasa kwa Wazungu. Lipo badiliko jingine, linaloonekana kwa watu wenye asili ya Afrika, ambalo kipimo hicho hakilitafuti. Mwafrika anaweza kuambiwa "uko salama" na kipimo ambacho hakikumtazama. Ufaransa hutumia njia nyingine: hupima urasili yenyewe katika damu, na kama imerundikana, kimeng'enya ni dhaifu, mtu awe wa asili yoyote. Kama siku moja Tanzania itaulizwa ichague, mimi ningeipigia kura njia ya namna hiyo.

Kwa familia zenye asili ya India liko la kuangalia pia. Watoto wenye saratani ya damu humeza merkaptopurini nyumbani kwa muda mrefu, hata zaidi ya miaka miwili. Liko badiliko katika jeni iitwayo NUDT15, lililojulikana kuanzia miaka ya 2014 na 2015, ambalo ni la kawaida zaidi kwa watu wa Asia ya Mashariki na ya Kusini kuliko kwa Wazungu, na kwa Waafrika ni nadra. Mtoto aliyelirithi kwa baba na kwa mama anaweza kuvumilia sehemu moja tu ya kumi ya dozi, au pungufu ya hapo. Wako watu wa hapa wanaowapeleka wagonjwa wao Ahmedabad au Mumbai. Wakiwa huko, na waulizie kipimo hicho. Kisha majibu yarudi nayo Tanzania, yasiachwe kwenye faili la huko.

Kuna kiashiria kimoja cha bei ndogo ambacho kinasahauliwa kwa sababu hakina jina la kisasa: kipimo cha homa ya ini aina ya B. Mtu anaweza kuwa nayo miaka ishirini bila kujua. Tibakemikali ikishusha kinga, kirusi huamka na kuliteketeza ini, nasi tukadhani ni saratani imefika huko. Dawa ya kukizuia, tenofovia, imo tayari katika kliniki zetu za VVU. Tone la damu, dakika chache, na mgonjwa amekingwa dhidi ya kifo ambacho kingeandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Kabla sijaketi, neno juu ya vifurushi vinavyotangazwa siku hizi kwenye simu, eti tone la damu litakuambia kama una saratani yoyote. Sina subira navyo. Viashiria vingi vya saratani vimetengenezwa kumfuatilia mtu ambaye ugonjwa wake unajulikana. Kwa mtu mzima asiye na dalili, huleta hofu nyingi kuliko ukweli. Hata kile cha tezi dume, PSA, hupanda kwa maambukizi na kwa tezi kutanuka tu kwa uzee. Mzee akikipima, akipime kwa daktari atakayemwelewesha majibu. Fedha ya kifurushi hicho ingefaa zaidi kuwa nauli ya mama kwenda kupimwa mlango wa kizazi kwa siki, na muda wa kumhimiza binti apate chanjo ambayo nchi nzima ilianza kuitoa mwaka 2018.

Nimeacha mezani pale daftari chache za kurasa 40. Katika ukurasa wa kwanza nimechora mistari ya kuandika tarehe, jina la dawa, siku ya dozi, himoglobini, neutrofili, chembe sahani, majibu ya homa ya ini, na namba ya simu ya wodi. Mwenye mgonjwa nyumbani achukue moja bila kunieleza ni ya nani. Sasa niko tayari kwa maswali, na mwenyekiti ananionyesha kwa kidole kwamba chai imekwisha kuiva, basi tuanze na huyo mzee wa safu ya pili aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Bagamoyo.